Mwanaume wa daftari naye anapenda

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naandika kutoka Mbeya kuhusu ile hadithi fupi mliyoitoa majuzi, ile ya dada wa benki kule Iringa na wanaume wake wawili, maana hapa sokoni Soweto tunapouza nafaka tumeibishania mpaka wateja nao wakaingilia, na kila nikisoma hadithi nyingine za namna hiyo nakuta kasoro ni ileile, kwa hiyo naomba nafasi na mimi niseme.

Kwa ambao hawakuisoma, dada ana kazi nzuri na kuna watu wawili wanamtaka. Wa kwanza anafanya biashara ya viazi, ananunua Isongole anapakia kwenda Dar, mtu wa shughuli, haongei sana. Wa pili ni mpiga picha. Huyu wa viazi siku ya tatu tu ya kukutana anatoa daftari anamuuliza dada mshahara unaingia shilingi ngapi ukishakatwa makato, una mkopo wowote, kwenu nani anakutegemea. Huyu wa picha anampandisha jiwe la Gangilonga kuangalia jua linavyozama, halafu chakula cha usiku hotelini kwenye mishumaa, mwezi unaofuata Zanzibar na pete anavishwa hukohuko ufukweni. Dada anamwacha wa viazi kwa meseji moja, mwandishi anasema alijisikia kama mtu aliyefunguliwa pingu, anaolewa na wa picha, hadithi imeisha.

Mpiga picha sina neno naye, watu wa kazi hiyo wapo wengi tu na wanalea familia zao vizuri. Kinachoniuma ni lile daftari. Mwandishi kalitumia kuwa ushahidi kwamba yule kaka hana moyo, tangu alipolitoa mfukoni sisi wasomaji tulitakiwa tumchukie na wengi kweli wakamchukia. Binti anayenisaidia dukani, ana miaka 22, aliniambia mama, mwanaume anayekuuliza mshahara huyo si mume, huyo ni afisa mikopo. Maneno ya hivi nayasikia sana kwa mabinti wa umri wake, na wanayatoa kwenye hadithi, kwa mama zao hawakuyasikia.

Hebu tuyaangalie basi hayo mahaba ya mpiga picha yalikuwa nini hasa. Gari la kukodi. Hoteli. Boti ya Zanzibar. Pete. Kila kilichomfanya dada aone anapendwa kimelipiwa, ukitoa hela pale sioni kinachobaki zaidi ya jua kuzama. Kwa hiyo tunaambiwa hadithi ni ya mapenzi kushindana na hela wakati pande zote mbili ni hela, ila moja ni hela ya jioni moja na nyingine ni hela ya msimu mzima, na ile ya jioni moja mwandishi wala hamuulizi mtu kaitoa wapi. Mwenye daftari anahojiwa ukurasa mzima, mwenye mishumaa haulizwi hata mara moja kama kodi ya nyumba kalipa.

Sisi wa nyanda za juu tunaishi kwa msimu, hata mwenye mshahara. Mvua zinaanza Novemba na hapo mbegu na mbolea vinatakiwa kwa pamoja, Desemba sikukuu na wageni, Januari ada na sare, halafu Februari na Machi ndo miezi debe la mahindi linapanda na yule aliyeuza yote wakati wa mavuno anarudi dukani kwangu kununua mahindi yaleyale kwa bei nyingine kabisa, mpaka mahindi mabichi yaanze kutoka ndo watu wanapumua. Sasa mwanaume anayekaa na wewe mwezi wa kumi anakuuliza hivi Januari tutaipitaje, huyo keshakuweka kwenye Januari yake. Keshakuona upo. Mimi sijui ni tamko gani la mapenzi linalizidi hilo.

Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu. Jirani yetu na mkewe walikuwa wanataka mkopo wa kununua mashine ya kukoboa, dhamana ni nyumba yao wanayokaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mtu kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, ndo maana benki wana ile fomu ya ridhaa ya mwenza, usiposaini mkopo hautoki. Mkewe kusoma kunampa shida. Wanaume wengi hapo huwa wanafunua mpaka ukurasa wa mwisho, saini hapa mama Fulani, haya twende. Huyu aliichukua akaja nayo nyumbani, wakakaa nje kwenye benchi na mimi nipo pembeni nachambua mchele, akaisoma mstari kwa mstari, anasoma anasimama anamweleza kwa Kinyakyusa, anaendelea. Mke akamuuliza, na ukifa je? Mwanaume hakukasirika, wengine wangesema unaniombea mabaya, yeye akarudi nyuma kurasa mbili akamwonyesha kwa kidole pale palipoandikwa bima ya mkopo, akamwambia nikifa deni linalipwa na hawa, nyumba inabaki yako na watoto. Mke akauliza tena, na nikifa mimi? Hapo akakaa kidogo, akamwambia ukifa wewe hiyo mashine ya nini. Halafu akaendelea kusoma mstari unaofuata.

Mhariri, pale hapakuwa na ua wala mshumaa, palikuwa na fomu ya benki, na nilichokisikia siku ile sijakikuta kwenye hadithi hata moja niliyosoma mwaka huu. Na yule mama alisaini kesho yake akiwa anajua anasaini nini.

Au nendeni mkawaulize wafanyabiashara wa zamani wa Mwanjelwa, wale waliokuwepo soko lilipoungua mwaka 2006. Wanawake wengi waliamka hawana mtaji, bidhaa za mkopo zimeteketea na deni liko palepale, na ndoa nyingi zilipimwa hapo. Kuna mume aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili mke aanze tena na meza ya nguo za watoto, kuna mume alianza kurudi usiku wa manane kwa sababu nyumbani hakuna tena hela ya kuchota, na huyu wa pili ndo aliyekuwa anasifika mtaani kwa maneno matamu na nguo za kufanana siku ya Jumapili.

Watu wanasema haya mambo ya kuhesabu yameletwa na maisha ya sasa hivi, eti zamani watu walipendana tu. Hapana jamani. Kwetu Rungwe na Kyela mahari ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe wanahesabika, tena ndoa ikivunjika walikuwa wanadaiwa warudi, kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa na sababu ya kukaa chini na wanandoa wakigombana. Kabla ya hapo wazee walishachunguzana mpaka basi, ukoo gani, wana shamba au wanalima la kukodi, kuna ulevi, kuna uvivu, kuna maradhi ya kurithi, huyo kijana anamheshimu mama yake au anamfokea. Mshenga alitembea mpaka viatu viliisha. Yaani maswali yote magumu yaliulizwa na watu wengine, kijana na binti wakabakiwa na yale matamu, wakakutana mtoni wakachekeana.

Sasa angalia hali ilivyo leo. Binti yuko Iringa, kijana yuko Mbeya, wazazi wa huyu wako Tukuyu wa yule wako Makete, mshenga anaitwa siku ya kupeleka barua tu na anaambiwa cha kusema. Yale maswali hayajafa, yamekosa wa kuyauliza. Akitokea mmoja kujitolea kuyauliza anaonekana ana roho mbaya. Yule muuza viazi alikuwa anafanya peke yake kazi ya shangazi, ya mjomba na ya mshenga, bila uzoefu wowote, ndo maana alichemka namna ya kuuliza. Lakini kosa la namna ya kuuliza mwandishi kaligeuza kuwa kosa la kutokupenda, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hapo kwenye namna ya kuuliza ndo mwenzangu wa meza ya dagaa alinibana, na namshukuru. Alisema wewe unamtetea huyo mwanaume lakini rudia kusoma, kamuuliza dada mshahara, kamuuliza madeni, kamuuliza ndugu, ya kwake kasema nini? Nikarudia kusoma. Kweli hakuna. Hakutaja hata shilingi moja ya kwake. Mama wa dagaa anasema kama hilo daftari lina ukurasa mmoja tu na ni wa mwanamke, huyo akimbiwe tena mbio, na mimi kwenye hilo tuko pamoja. Mwanaume anayesema mimi nadaiwa na mwenye lori, mzigo wa mwezi uliopita uliniozea njiani, kuna mdogo wangu yuko chuo namlipia, na wewe je, huyo kajianika mwenyewe kwanza, kakupa kitu unachoweza kumwaibisha nacho kwa watu na ameamini hutafanya hivyo. Anayeuliza ya mwenzake akafunika ya kwake anatafuta mtaji. Ni daftari lilelile, mwanaume mmoja wa kuoa mwingine wa kukimbia, na mwandishi alikuwa na nafasi ya kutuonyesha ni yupi kati ya hao akaiacha, akakimbilia Zanzibar. Hadithi yote ilikuwa pale.

Sasa msije mkanielewa vibaya mkadhani natetea zile hadithi za upande wa pili. Zipo siku hizi nyingi sana, nyingine watu wanatumiwa kwenye simu sehemu baada ya sehemu kwa kulipia, za kumfundisha binti aache mambo ya moyo, aolewe na mwenye nyumba na gari, mapenzi yatakuja mbele ya safari, na mwandishi anampa zawadi, anaishi vizuri ana wafanyakazi wa ndani, wakati mwenzake aliyempenda fundi anaishia kuhangaika. Hizo nazikataa kabisa. Zinamfundisha mtu kwamba mwanaume ni akaunti.

Nina mteja, mume wake analipa kila kitu pale nyumbani. Kila asubuhi anaacha hela mezani chini ya kikombe, jioni anarudi anakula anaangalia mpira analala, hampigi wala hamtukani, hana hata mwanamke wa nje anayejulikana. Huyu mama ana uwezo wa kununua gunia zima la maharage. Anakuja kwangu kununua nusu kilo. Kesho yake anakuja tena nusu kilo. Anakaa kwenye kigoda pale ndani saa nzima tunaongea, kuhusu mvua, kuhusu watoto, kuhusu bei ya mchele wa Kyela, akiondoka unaona kabisa kwamba hizo ndo sentensi zake za siku nzima. Nikimwambia dada yangu chukua basi hata debe upumzike kutembea, anasema acha tu mama, nitakuja kesho. Huyo bajeti yake imekamilika na hata meseji ya nimefika salama hajawahi kutumiwa. Kwa hiyo nikisema daftari ni mapenzi simaanishi kila mwenye daftari anapenda, namaanisha mwandishi aangalie mkono ulioshika daftari unamgusaje yule mwingine.

Kuna jambo lingine la vitendo ambalo hadithi zetu zinalikosea moja kwa moja na linaumiza watu wa kweli. Hadithi za kuachana karibu zote mwisho wake ni mmoja, mwanamke wa nyumbani anatoka na begi lake na mtoto mgongoni, mlango unafungwa nyuma yake, basi. Wasomaji wanaamini ndo sheria ilivyo. Binti wangu wa dukani aliamini hivyo mpaka msaidizi wa kisheria alipokuja kuongea kwenye kikundi chetu cha vikoba, kabla ya hapo alidhani asiye na mshahara hana chake. Sheria hiyohiyo ya 1971 kifungu cha 114 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo wanandoa wameichuma kwa juhudi za pamoja, na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango kwenye kuchuma hiyo mali. Hiyo ni miaka zaidi ya arobaini iliyopita. Na wale wanaotishiwa kwamba hukulipiwa mahari hivyo hujaolewa, sheria inasema kutolipwa mahari hakuifanyi ndoa iwe batili.

Simwombi mwandishi atuandikie kitabu cha sheria. Lakini akimtoa yule mama na begi, basi kesho yake ampeleke baraza la usuluhishi la kata, maana shauri la talaka kwa kawaida linaanzia hapo kabla ya mahakama. Mnajua kinachosemwa kwenye yale mabaraza? Nimekwenda kumsindikiza ndugu. Watu wawili waliolala kitanda kimoja miaka yote wanakaa kwenye benchi moja, katikati nafasi ya mtu mmoja, na wanaulizwa bati za nyumba alinunua nani. Mke anasema niliuza kuku. Mume anasema bati ni zangu. Mke anataja rangi ya kila kuku. Mume anainamisha kichwa kwa sababu anawakumbuka. Hapo huwezi kutenganisha hesabu na mapenzi hata ukitaka, na hakuna mwandishi aliyewahi kwenda kukaa pale na kalamu.

Kuhusu harusi zenyewe sitaongea sana maana kila mtu anajua, kamati inakaa miezi, kadi ya single bei hii ya double bei hii, kichen pati, sendofu, na maharusi wengine wanaamka asubuhi ya kwanza ya ndoa wana deni la ukumbi na la mpambaji. Ninachosema ni kwamba hadithi inaishia hapo kwenye keki, sisi hapo ndo tunaanza.

Naomba waandishi wenu waanzie mbele kidogo. Mafinga huko kuna watu na wake zao wamepanda misindano wakijua mbao watazivuna watoto wakiwa wameshakuwa wakubwa, halafu mtoto anafaulu kwenda chuo miti ikiwa haijakomaa na mnunuzi yuko mlangoni na hela mkononi, mmoja anataka wakate mwingine anasema tukikata sasa hivi tumeuza uzee wetu, na wote wawili wanampenda mtoto na wote wawili wanapendana. Hiyo ni hadithi. Kuna mke wa dereva wa malori ya Tunduma anayelala na simu mkononi foleni ya mpakani ikiwa ndefu, na kuna mume mkulima wa parachichi ambaye mke anaingiza zaidi yake na hajui awaambieje kaka zake. Andikeni na mwanaume wa viazi anayejifunza kusema neno zuri bila mtu kumcheka, maana hata sisi wanawake wa vitendo tunapenda kuambiwa tumependeza, nani kasema hatupendi.

Mhariri, najua ukurasa wa hadithi ni wenu na mna waandishi wenu, ila kama inawezekana mfungue hata nusu ukurasa kwa hadithi za wasomaji wa mikoani, mseme urefu mnaotaka na namna ya kutuma. Huyu mwenzangu wa dagaa ana ya kwake kaiandika kwenye simu, inaanza siku ya pili baada ya harusi, bibi na bwana wako chini kwenye mkeka wanafungua bahasha za zawadi na kuandika nani kaleta nini, na wote wawili wana deni ambalo mwenzake halijui. Nimeisoma, ni nzuri kweli. Mkikubali nitamsaidia kuipanga vizuri tuitume mwezi huu huu.

Wenu katika kusoma,
Mama muuza nafaka,
Soko la Soweto, Mbeya